Kuhama kutoka Windows kwenda Mac bila kupoteza nyimbo zako: mwongozo kamili kwa prodyuza

Kila baada ya muda nabishiwa hodi studio, nafungua, namkuta prodyuza kakumbatia MacBook na uso wa msiba. Hadithi ni ileile. PC aliiuza Ijumaa ili ajazie hela ya Mac. Jumamosi akachomeka diski. Jumapili akagundua kuwa projekti za miaka minne zinafunguka zikiwa bubu: sampuli (vipande vya sauti) hazionekani, nusu ya sinthi (ala za kielektroniki) hazipo, na Jumatatu msanii anataka wimbo ule ule urekebishwe kiitikio.

Mac haina kosa. Naye hakukosea kuinunua, ila alitanguliza kuuza mahali pa kufungasha. Kazi kubwa ya kuhama hufanyika kwenye Windows, kabla Mac haijatoka kwenye boksi, ndiyo maana nusu ya mwongozo huu itakukalisha mbele ya PC yako ya zamani.

Mifano nimeichukua FL Studio, programu ya kutengenezea muziki, kwa sababu ndiyo ninayoikuta kwenye studio nyingi za vyumbani, na kwa sababu ina unafuu mmoja mkubwa: tangu toleo la 20 la mwaka 2018 inafanya kazi kwenye Mac, na leseni uliyoilipia kwa Windows ni hiyo hiyo kwa Mac. Huongezi hata shilingi. Wa Ableton Live, Cubase na Reaper mfuate hatua hizi hizi, majina ya menyu tu ndiyo yatakayobadilika.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

PC ya zamani, inayowaka, haijafutwa kitu. Ikishauzwa, hatua ya 1 hadi ya 4 hazipo tena.

Mac ya Apple Silicon, yaani M1 ya mwishoni mwa 2020 kwenda juu. Za Intel ni bei nafuu, lakini Apple imeshatangaza kuwa macOS 26 ndiyo ya mwisho kwao. RAM chukua GB 16. GB 8 itakurekodia vokali na kukujengea mdundo, lakini ukipakia ala tatu nzito za Kontakt (programu ya kupigia ala zilizorekodiwa) utaanza kuomba dua, na RAM ya Mac hizi imeunganishwa ndani ya chipu, haiongezwi na fundi yeyote.

SSD ya nje ya TB 1. Piga hesabu mwenyewe: stemu (faili la sauti ya ala moja ya wimbo) ya stereo, biti 24, 44.1 kHz, inakula karibu MB 16 kwa dakika. Wimbo wa dakika 4 wenye stemu 30 unakaribia GB 2. Nyimbo mia moja, GB 200, hapo hujagusa maktaba ya sampuli.

Adapta au waya wa USB-C wa kuchomekea kadi yako ya sauti. MacBook Air ina matundu ya USB-C tu, na Mac mini ya M4 nayo haina tundu la USB la kizamani hata moja.

Barua pepe na nywila za kila akaunti uliyonunulia plagini, yaani programu ndogo za ala na athari zinazofanya kazi ndani ya FL. Zijaribu leo. Anuani uliyofungua ukiwa chuo na hujaigusa tangu hapo ndiyo itakayokukwamisha.

Daftari na wiki mbili. Usihame katikati ya albamu ya mtu.

### Kama Mac yenyewe ni ya mtumba

Mwombe muuzaji aifute mbele yako kwa Erase All Content and Settings, halafu muiwashe upya ikiwa imeunganishwa na intaneti ya simu yako. Ikidai akaunti ya mwenye awali, au ikileta maandishi ya Remote Management, irudishe hapo hapo. Ya kwanza bado imefungwa na mtu. Ya pili ni mali ya kampuni au shule fulani, na siku yoyote inaweza kufungwa kutoka mbali. Usikubali neno "hiyo tutaitoa kesho".

Betri: shikilia Option, bonyeza alama ya tufaha, ingia System Information, kisha Power. Utaona Cycle Count. Betri za MacBook za miaka hii zimepangiwa mizunguko 1,000. Ikiwa imeshafika 800, toa bei ya betri mpya kwenye mazungumzo. Mwisho, nenda na kadi yako ya sauti dukani uchomeke kila tundu. Muuzaji atakuangalia vibaya, mwache aangalie.

## Hatua ya 1: Andika plagini unazotumia kweli

Fungua projekti zako kumi za mwisho, moja moja, na uandike kwenye daftari kila plagini inayotumika humo. Usiandike zilizowekwa kwenye kompyuta, andika zinazotumika. Mimi nilikuwa na plagini zaidi ya mia, daftari likanionyesha kumi na tisa.

Kisha ingia tovuti ya kila mtengenezaji na ugawe orodha mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni zenye toleo la Mac linaloendana moja kwa moja na Apple Silicon. Hizi hazina shida. Fungu la pili ni zenye toleo la Mac la Intel tu. Hizi zitapitia Rosetta 2, mkalimani wa Apple anayeziwezesha programu za Intel kufanya kazi kwenye chipu mpya. Zinatembea, lakini Apple ilisema mwaka 2025 kwamba Rosetta kwa matumizi haya itafika macOS 27, kwa hiyo zihesabu kama mpangaji aliyeshapewa notisi. Fungu la tatu ni za Windows tu, au za biti 32. Mac ziliacha biti 32 tangu macOS Catalina ya 2019, na hakuna ujanja wa kuzirudisha. Zile sinthi za zamani ulizokopi kutoka kwa rafiki ukiwa unaanza, nyingi ziko fungu hili.

Hapa lazima tuambiane ukweli kuhusu plagini zilizovunjwa, yaani zilizotolewa kufuli ili zitumike bila kulipiwa. Iliyovunjiwa Windows haitembei kwenye Mac, na ukianza kusaka ya Mac utaambiwa uzime ulinzi wa mashine, kisha ubandike amri kwenye Terminal na uandike nywila yako. Huko ni kumkabidhi mtu usiyemjua funguo za nyumba, na ndani ya nyumba kuna nyimbo za wateja. Anza na za bure zenye matoleo ya Mac: Vital, Surge XT na Dexed upande wa sinthi, Valhalla Supermassive upande wa mwangwi. Midundo mingi ya kulipwa vizuri imetoka kwenye vitu vya bure kama hivi.

Hatua hii imekamilika pale ambapo kila plagini kwenye daftari ina namba 1, 2 au 3 pembeni yake. Za namba 3 ndizo zitakazoamua ukubwa wa kazi inayofuata.

## Hatua ya 2: Toa stemu ukiwa bado kwenye Windows

Ukiwa na subira ya hatua moja tu, iweke hapa. Projekti ni maelekezo, sauti yenyewe haimo. Inasema "chukua sinthi fulani, ipige hivi, ipitishe kwenye kompresa ile". Sinthi isipokuwepo, maelekezo yamebaki karatasi. Stemu ni sauti yenyewe, inafunguka popote, hata miaka ishirini ijayo.

Anza na nyimbo zilizo hai: zinazodaiwa, zilizotoka mwaka huu, na zile ambazo wasanii wake hupenda kurudi. Kwa kila wimbo, toa vitu vinne.

Kwanza, kifurushi cha projekti. File, Export, Zipped loop package. FL inakusanya projekti pamoja na sampuli zake na kuzifunga kwenye zipu moja. Kumbuka, haifungi plagini wala maktaba za Kontakt. Kwenye Ableton kazi hii inaitwa Collect All and Save.

Pili, stemu. Zima limita na vyote vilivyo kwenye master, ile chaneli ya mwisho inayopitisha wimbo mzima. File, Export, Wave file. Chagua biti 24, kiwango kile kile cha projekti, washa Split mixer tracks, na kwenye Tail chagua Leave remainder ili mikia ya mwangwi isikatwe. Toa wimbo mzima kuanzia baa ya kwanza, hata kama tarumbeta inaingia dakika ya tatu. Ukimya wa mwanzo ndio utakaoziweka stemu zote sawa mstarini baadaye.

Angalizo: kama ngoma zako zinapita kwanza kwenye basi la ngoma (chaneli moja inayozikusanya zote), FL itatoa ngoma moja moja na basi lenyewe pia. Ukizirudisha zote, kila ngoma itasikika mara mbili na utadhani umepata mikisi nzito ya ajabu. Weka mabasi kwenye folda yake.

Tatu, MIDI, yaani noti zenyewe bila sauti. Hapa ndipo watu wanapojichoma. Kabla ya kutoa MIDI, FL inakutaka upitie Tools, Macros, Prepare for MIDI export. Makro hiyo inaziondoa sinthi zako zote na kuweka MIDI Out mahali pake. Kwa hiyo: hifadhi projekti, endesha makro, toa faili la MIDI, kisha funga bila kuhifadhi. Ukibonyeza Ctrl+S kwa mazoea baada ya makro, umefuta sauti za wimbo kwa mkono wako mwenyewe. Mimi hulifanya hili kwenye nakala yenye neno MIDI mwishoni mwa jina, maana mikono yangu naijua.

Nne, mikisi ya mwisho kama WAV, na master ikiwa imewashwa kama ilivyokuwa. Hii ni shahidi wako. Kwenye Mac utalinganisha nayo.

Jina la folda libebe kila kitu: jina la wimbo, kasi, ufunguo. Kwa mfano *Harusi_220bpm_Am*. Singeli ya 220 ukiifungua kwenye projekti mpya iliyojiwekea 130, stemu zitalia vizuri lakini gridi yote itakuwa uongo, na utapoteza mchana mzima kukata vokali zisizokubali kukaa.

Kwa sinthi za fungu la 3, piga picha skrini yenye mpangilio wake. Kwa zile za fungu la 1 na la 2, hifadhi kila sauti kama preset ndani ya plagini yenyewe.

Sasa jaribu. Fungua projekti tupu kwenye PC hiyo hiyo, weka kasi, buruta stemu zote hadi baa ya kwanza, piga. Wimbo ukisikika kama wimbo, nenda unaofuata. Usiseme "nitahakikisha nikifika kwenye Mac". Huko ndiko wenzako walikolilia.

## Hatua ya 3: Nakili kwenye diski inayosomwa na pande zote

Diski nyingi za watumiaji wa Windows zimepangwa kwa NTFS. Mac inaisoma NTFS lakini haiandiki juu yake, kwa hiyo projekti itafunguka na kukataa kuhifadhiwa. FAT32 inaandikwa na wote, ila haikubali faili moja kuzidi GB 4. Unachotaka ni exFAT.

Kwenye Windows, bonyeza kulia kwenye diski mpya, chagua Format, chagua exFAT. Diski inafutwa yote, kwa hiyo isiwe ile yenye nyimbo zako.

Nakili folda za stemu, vifurushi vya zipu, folda nzima ya sampuli jinsi ilivyo bila kupanga upya, na folda ya Image-Line iliyo ndani ya Documents, humo mna preset na violezo vyako. Nakili pia maktaba za Kontakt na folda ya STEAM ya sinthi ya Omnisphere kama unazo. Faili hizo ni zile zile kwa Windows na Mac, na kwa wanaoishi kwa bando hii ni nafuu ya maana: unapakua kisakinishi kidogo tu, GB 60 za sauti tayari unazo mkononi.

Ukimaliza, bonyeza kulia folda ya asili na nakala yake, Properties, linganisha idadi ya faili. Zikipishana hata kwa moja, rudia. Kisha tengeneza nakala ya pili kwenye diski nyingine, hata ya kuazima.

## Hatua ya 4: Shughulikia leseni

Kampuni nyingi hukupa nafasi mbili au tatu za kuwasha plagini. Kama una nafasi ya ziada, usizime chochote kwenye PC, utawasha upande wa Mac na kubaki na zote mbili. Kama nafasi ni moja, izime kwenye PC mwishoni, baada ya stemu zote kutoka.

Za iLok (mfumo wa leseni unaotumiwa na kampuni mbalimbali za plagini), fungua iLok License Manager na uhamishie leseni kwenye kijiti cha USB au kwenye wingu lao. Za Waves, zirudishe kwenye License Cloud kupitia Waves Central. FL Studio yenyewe haina haja, utaingia kwa akaunti tu.

Leseni iliyobaki kwenye PC iliyouzwa au kuungua inarudishwa kwa kuandikiana barua pepe na mtengenezaji. Mara nyingi wanakubali. Lakini wanakubali kwa saa zao, na wewe kikao chako ni leo saa nane.

## Hatua ya 5: Siku ya kwanza ya Mac, kabla ya muziki

Mac itakuuliza kama unataka kuleta vitu vyako kutoka PC kwa Migration Assistant. Kataa. Inaleta nyaraka na picha, haileti programu wala plagini, na itakujazia vurugu.

Ingia System Settings ufanye haya:

Zima iCloud kwa Desktop na Documents, pamoja na Optimize Mac Storage. Ukiviacha, Mac itazipandisha projekti zako kwenye wingu kwa bando lako, na nafasi ikibana itaziondoa kwenye mashine na kubakisha kivuli. Siku mtandao umekata, sampuli hazipo. Kwangu hiki ndicho chanzo namba moja cha simu za saa tano usiku.

Kwenye Keyboard, washa F1, F2 na wenzake zitumike kama vitufe vya kawaida. Bila hivyo ukibonyeza F9 kutafuta mikisa, Mac itadhani unataka kuruka kwenda wimbo unaofuata.

Zima Low Power Mode na masasisho ya kujipakua yenyewe. macOS mpya ikitoka, subiri watengenezaji wa plagini zako watangaze kuwa wako tayari. Miezi mitatu si mingi.

Zima Natural scrolling ikikukera.

Vidole navyo vihame: Ctrl ya Windows hapa kwa kawaida ni Command, Alt ni Option. Kile kitone chekundu kinafunga dirisha, programu kwa kawaida inaendelea kula RAM nyuma. Kuifunga kabisa ni Command+Q.

## Hatua ya 6: Sauti iingie na itoke

Sahau ASIO4ALL, ile draiva ya sauti ya Windows. Mac ina Core Audio ndani yake, na kadi nyingi za USB za siku hizi zinatambulika zikichomekwa tu. Nenda tovuti ya mtengenezaji kuhakikisha, hasa kama kadi yako ni ya zamani. Ikidai uingie Recovery na kushusha ulinzi wa mashine ili draiva ikubaliwe, ningeuza kadi hiyo kabla ya kushusha ulinzi.

Chomeka kadi moja kwa moja kwenye Mac, si kupitia kile kitovu cha bei poa chenye matundu saba. Vitovu hivyo ndivyo vinavyoleta mikwaruzo ambayo watu huilaumu Mac.

Fungua Audio MIDI Setup, chagua kadi, weka kiwango kile kile cha projekti. Ndani ya FL, chagua kadi kwenye mipangilio ya Audio. Bafa (kipande cha sauti ambacho kompyuta inakusanya kabla ya kukipitisha) weka 128 wakati wa kurekodi: kwa 48 kHz hiyo ni chini kidogo ya milisekunde 3 kwa upande mmoja, mwimbaji hataisikia. Wakati wa kumiksi panda hadi 512 au 1024.

Sasa lile lililoniaibisha mimi. Siku ya kwanza na Mac, msanii kavaa hedifoni, taa ya kijani kwenye kadi inacheza anapoimba, mimi nimebonyeza rekodi. Kapiga ubeti mzima kwa hisia, jicho kafumba. Naangalia skrini: mstari mnyoofu kama wa mgonjwa aliyekata roho. Nikabadilisha waya. Nikabadilisha maiki. Nikazima na kuwasha kadi. Dakika arobaini. Kumbe FL ilipofunguliwa mara ya kwanza iliuliza ruhusa ya kutumia maiki, na mimi kwa haraka nikabonyeza kukataa. Kwa Mac, sauti yoyote inayoingia ni "maiki", hata gitaa lililochomekwa kwenye kadi. Na haikupi onyo lolote, inakupa ukimya tu.

Dawa: System Settings, Privacy & Security, Microphone, washa programu yako, ifunge na kuifungua upya. Ukiona taa ya kadi inacheza na mstari umelala, anzia hapa kabla ya kugusa waya wowote.

Piga makofi mbele ya maiki, rekodi, sikiliza. Ukisikia makofi bila mikwaruzo, hatua imekamilika.

## Hatua ya 7: Weka programu, kisha plagini, moja moja

Weka FL Studio kwanza, ingia akaunti yako, fungua projekti tupu, hakikisha inalia. Ndipo uanze plagini za fungu la 1, na uifungue FL baada ya kila mbili tatu. Ukiweka ishirini kwa mkupuo na moja ikaiangusha programu, utamtafuta mchawi usiku kucha.

Kisakinishi kikikupa chaguo, weka VST na VST3 (aina mbili za plagini) hata kama unaambiwa aina ya AU ndiyo ya Mac. Sababu ni hii: projekti yako ya Windows ilihifadhi mipangilio ya VST au VST3. Aina ile ile ikiwepo kwenye Mac, mara nyingi mipangilio inarudi. AU haiwezi kuisoma. AU iweke nayo kama una mpango wa kutumia Logic Pro, programu ya muziki ya Apple, kwa kuwa Logic haitambui aina nyingine.

Plagini zinakaa hapa, ndani ya folda Components, VST na VST3:

/Library/Audio/Plug-Ins/

Kufika, ukiwa Finder bonyeza Command+Shift+G na uandike njia hiyo. Faili za .dll kutoka Windows usizikopi huku, hazina kazi.

Mac ikisema programu haiwezi kufunguliwa kwa sababu haijathibitishwa, na una uhakika umeipakua kwa mtengenezaji mwenyewe, ingia Privacy & Security, shuka chini, bonyeza Open Anyway.

Plagini ya fungu la 2 isipoonekana kwenye orodha, funga FL, itafute FL yenyewe kwenye Applications, bonyeza Command+I, weka tiki kwenye Open using Rosetta, ifungue upya. Itafanya kazi taratibu kidogo. Tumia njia hii kufungua nyimbo za zamani tu, ukimaliza toa tiki.

## Hatua ya 8: Fungua wimbo wa kwanza na uulinganishe

Hamishia folda ya sampuli mahali itakapokaa moja kwa moja, ama ndani ya Mac ama kwenye SSD ya nje isiyobadilishwa jina. Kisha kwenye FL, Options, File settings, iongeze kwenye folda za kutafutia. Projekti yako inakumbuka D:\Sampuli\Kiki, na Mac haina D wala C. Ukiiongeza folda, FL itazisaka yenyewe kwa majina.

Anza na kifurushi cha zipu cha wimbo mwepesi. Plagini isiyopatikana itakuonyesha dirisha tupu au onyo. Usihangaike nayo: zima chaneli hiyo, weka stemu yake mahali pake, endelea.

Kisha toa mikisi upya kutoka Mac, iweke chaneli moja na ile WAV shahidi ya Windows chaneli ya pili, zote mwanzoni mwa baa ya kwanza. Geuza fezi ya mojawapo, ili mawimbi yake yawe kinyume cha nyingine. Zikiwa sawasawa zitauana na utasikia ukimya. Ukisikia besi peke yake, besi ndiyo iliyobadilika. Mabaki madogo ya mwangwi au ya sinthi zenye mwanzo wa kubahatisha ni kawaida, hata kwenye PC moja huwa hazirudii vilevile. Lakini sauti nzima ya ala ikibaki, umekosa preset au umepata toleo jingine la plagini.

Wimbo usiokubali hata kidogo, uhamishe kwa stemu tupu na uweke MIDI pembeni. Nyimbo nyingi za zamani hazihitaji zaidi ya hapo. Nani atarudi kubadilisha besi ya 2019?

## Hatua ya 9: Mwezi mmoja wa mashine mbili

Kaa na PC kwenye kona, haijaguswa, kwa mwezi. Nyimbo mpya zote anzia Mac. Kila msanii atakayekupigia kuhusu kazi ya zamani, ihamishe kazi hiyo siku hiyo.

Weka nakala rudufu ya Mac kwa Time Machine kwenye diski nyingine. Ukichomeka diski, Mac inaweza kuuliza kama itumike kwa Time Machine, na ukikubali bila kusoma, itaifuta yote. Diski yenye nyimbo jibu ni hapana. Vivyo hivyo diski ikikataa kusomeka na Mac ikakupa kitufe cha Initialize, itoe, irudishe kwenye PC uikague huko.

Ukiirudisha ile exFAT kwenye Windows utaona faili za ajabu zinazoanza na nukta na kistari, kama *._kiki01.wav*, za KB 4 kila moja. Si virusi, wala sampuli zako hazijaharibika. Ni kumbukumbu ndogo za Mac. Zifute ukitaka, ila usizipakie kwenye sampla, hazina sauti.

Kama umenunua Mac mini, nunua na UPS. MacBook ina betri, umeme ukikatika katikati ya ubeti inaendelea kurekodi, ilimradi kadi inapata umeme wake kutoka kwenye mashine. Mini inakufa na ubeti wake.

Mwezi ukiisha bila simu iliyokurudisha kwenye PC, zima leseni zilizobaki, ondoa akaunti zako, ifute, ndipo umtafute mteja wake.